Kazi za laptopu: kuhamia Mtwara ni akili au ni kujitafutia shida?

Kusi Taratibu (mleta mada)
Wakuu, mtu anatafsiri au anahariri picha kwa laptopu, hela inaingia Payoneer, akaunti ya mtandaoni ya kupokea malipo ya nje (PayPal ya Tanzania hutuma tu, haipokei). Kodi ya Sinza, Dar, ya nini? Ahamie Mtwara au Lindi miezi mitatu mitatu. Guesti aombe bei ya mwezi, na kabla hajatoa hela aulize luku inanunuliwa na nani. Nauli LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) waliiweka Sh 48.47 kwa kilomita, Desemba 2023, basi la kawaida. Dar mpaka Mtwara ni kilomita 560 hivi. Ofisi ya nini? Anakaa kwa mama lishe, anaagiza chai, anachomeka laptopu, siku inaisha.

Bibi Chuno
Eti "anaagiza chai, siku inaisha"! Benchi la mama lishe linakaa watu wanne. Saa sita mpaka saa nane mchana nafasi moja inapokea wateja watatu kwa zamu. Wewe na kikombe chako umezuia sahani ngapi? Na luku je?

Korosho Ghafi
560 mara 48.47 ni 27,143. Daraja la kati waliliweka 67.84 kwa kilomita, karibu 38,000. Ila mleta mada kasahau jambo kubwa: usihamie Oktoba. Minada ya korosho ikifunguka, Tandahimba, Newala, Masasi mpaka Mtwara mjini guesti zinajaa wanunuzi na madereva wa malori, na bei ya mwezi hakuna atakayekusikiliza. Njoo Juni. Kusi inavuma, mvua imekwisha, na chumba cha bati kinakalika mchana.

Kusi Taratibu
Bibi Chuno, shikamoo, lakini hesabu hazidanganyi. Laptopu inakula wati 45. Saa nne ni uniti 0.18. Kwa T1, bei ya TANESCO ya matumizi ya kawaida, ya Sh 292 kwa uniti, ni kama Sh 53, na kodi zake haifiki sabini. Mtu ananyimwa umeme wa shilingi sabini?

Bibi Chuno
Marahaba. Umejibu luku, kiti umekiruka.

Mwana Ng'apa
Mnagombea chai wakati kimbunga Hidaya cha 2023 kilikata barabara ya kusini pale Somanga, magari yakalala njiani. Mtu ana kazi ya kukabidhi Ijumaa na laptopu iko ndani ya basi, afanyeje?

Korosho Ghafi
Mei 2024, kaka, si 2023. Na mwezi huohuo nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikayumba hadi Dar. Hapo Sinza ingekusaidia nini? Mwenye kazi za tarehe asisafiri kwa barabara Machi mpaka Mei, au asafiri siku mbili kabla. Na awe na laini mbili za mitandao tofauti. Laini mbili za mtandao mmoja ni sawa na moja, mnara ukizima zote zimezima.

Fundi Ligula
Umeme wa mama lishe muuacheni. Nunua pawabenki ya mAh 20,000. Zidisha kwa volti 3.7 unapata Wh (wati-saa) 74, toa zinazopotea, baki 60. Laptopu ya kuandikia ikila wati 20, ni saa tatu. Wengi wanapigwa hapa: nyingi za sokoni zinatoa wati 22.5, simu inachaji, laptopu haishtuki. Soma maandishi madogo mgongoni. Kama hakuna 20V, rudisha. 20V kwa 2.25A ni wati 45, kwa 3.25A ni 65. Waya nao uwe wa kubeba hizo wati. Ukipanda ndege iweke kwenye begi la mkononi, na isizidi Wh 100.

Mwana Ng'apa
Mtwara, Mtwara, kana kwamba Lindi ni kituo cha kuchimba dawa. Hapo Lindi mjini unatembea kwa miguu kila mahali, bajaji huihitaji. Wikiendi unakwenda Kilwa: unashuka Nangurukuru, gari dogo mpaka Masoko, kibali cha magofu ya Kilwa Kisiwani unakatia hukohuko Masoko. Beba kitambulisho, kiingilio cha Mtanzania si cha mgeni. Mashua hukodiwa nzima, kwa hiyo subirini mfike watano sita mchange.

Korosho Ghafi
Sisi wa Mtwara tuna Mikindani, mji wa kale hapo jirani, unafika kwa daladala na hungojei watu watano. Lindi tunaiheshimu, tunapita njia panda ya Mingoyo tukiiangalia kwa mbali.

Mwana Ng'apa
Kwa mbali ndiyo, kwa sababu nauli ya kuingia imewashinda.

Kusi Taratibu
Turudi kwenye mada. Basi afike kwa mama lishe saa tisa, wateja wa mchana wameisha, aagize ugali na samaki kabisa, siyo chai. Kuna ubaya?

Bibi Chuno
Saa tisa sufuria zinaoshwa, mama anakwenda feri kutafuta samaki wa jioni. Laptopu yako unamwachia nani alinde ukienda msalani?

Fundi Ligula
Hapo sasa umeuliza.