Naomba ushauri: uzi unaofaa kwa shali ya lesi

Ndugu wafumaji, naomba ushauri wenu kuhusu shali ya lesi ninayokusudia kumfumia mama mkwe kwa sindano mbili, kwa kufuata mtindo wa visiwa vya Shetland huko Uskoti, ambako shali bora husifiwa kuwa nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa.

Kinachonitatiza ni uzi. Lesi hupata sura yake baada ya kufumwa: shali hulowekwa, huvutwa na kubanwa kwa pini mpaka ikauke, ndipo matundu hufunguka na mchoro ukaonekana. Sufu hukubali kazi hiyo, lakini madukani hapa Njombe ninapata akriliki tu, yaani uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, ambayo hata ikilowekwa na kubanwa hurudi kujikunja. Mvuke wa pasi huilegeza, ila joto likizidi uzi huharibika kabisa. Je, aliyewahi kutumia mvuke aliiweka pasi umbali gani, na shali ilibaki na umbo lake baada ya kufuliwa?

Au nitumie uzi mwembamba wa pamba, ule wa kufumia vitambaa vya meza, ingawa ninahofia utakuwa mzito na kulegea mabegani? Rangi si hoja. Mama hupenda nyeupe.