RPC ya umma ya Ethereum: VPS, seva nzima ya kukodi au kompyuta ya ofisini?

mvuvi_wa_data
Wakuu, habari za majukumu. Nina kiprogramu kinachosoma miamala ya dola za kidijitali kwenye Ethereum, pesa ikiingia kinamtumia mwenye pochi ujumbe. Mpaka juzi nilikuwa nakula RPC za bure (milango ya mtandaoni ya kuiuliza Ethereum). Jioni watu wakijaa napigwa 429 ("umeuliza mno") mfululizo, ujumbe unachelewa nusu saa, mteja anadhani keshaibiwa.

Nataka kusimamisha nodi yangu (kompyuta inayotunza nakala ya Ethereum na kujibu maswali), na ikitulia niiache wazi kwa vijana wanaojifunza. Naona njia tatu: VPS, yaani kipande cha seva ya kukodi, ya RAM 16 (ndipo mfuko ulipofikia), seva nzima ya kukodi Ulaya, au kompyuta iliyopo ofisini Mwanza, RAM 32. Au niache ubishi nilipie Infura, Alchemy na wenzao wanaouza RPC? Nawasilisha.

Kobe_Taratibu
VPS usiiguse mkuu. Si kwamba haitawaka. Itawaka, itakutia moyo, kisha itakutesa. Yangu ilishusha bloki (mafurushi ya miamala) zote vizuri, nikaanza kutamba kwa washkaji. Halafu zikapita siku tisa naangalia mstari uleule kwenye lagi (kumbukumbu za programu): `State heal in progress`. Kila sekunde 12 bloki mpya inaingia na kubadilisha salio za watu, na Geth (programu ya nodi) inatakiwa izifukuzie. Diski yangu ilikuwa ya kugawana na wapangaji wengine, tena iko upande wa pili wa mtandao wao. Ikawa kama kuchota maji kwa pakacha. RAM haikuwa tatizo hata siku moja, diski ndiyo iliyoniua.

Tafuta NVMe halisi (diski ya kasi), terabaiti 2, yako peke yako. Na kabla hujalipa soma masharti yao, kuna kampuni hazitaki kabisa nodi za kripto. Mimi nilipewa saa chache tu nihame.

MamaSeva
Kompyuta ya ofisini mbona mnaidharau? Kwa matumizi yake mwenyewe inatosha kabisa. Ila asinunue SSD ya bei chee isiyo na DRAM (kumbukumbu yake ya ndani), hiyo itamrudisha kulekule kwa Kobe. Na UPS (betri ya akiba) ni lazima. Umeme ukikatika ghafla, vilivyokuwa kwenye RAM havijaandikwa, ukirudi Geth inarudi nyuma kuanzia pale ilipoandika mara ya mwisho. Nimewahi kusubiri hivyo hadi daladala za mwisho zikanipita.

Kuifanya ya umma ukiwa ofisini, hapana. Laini nyingi hazina IP yako mwenyewe, na bosi atajua tu kwa nini Zoom yake inakwama.

Nahodha_254
Kabla ya seva, niulize: unajua ni programu mbili? Tangu 15 Septemba 2022 Ethereum ilipoacha uchimbaji, Geth peke yake inakaa tu kama bibi harusi anayesubiri gari. Unahitaji ya utekelezaji, inayoendesha miamala (Geth, Nethermind, Besu, Erigon, Reth) na ya makubaliano, inayofuata bloki zipi zimekubaliwa (Lighthouse, Prysm, Teku, Nimbus, Lodestar). Zinaongea kupitia poti 8551 kwa faili moja la siri la JWT (ufunguo wa kutambuana). Ukiona lagi inalalamika kuhusu JWT, basi kila moja inasoma faili lake.

Chaguo langu ni Geth na Lighthouse. Lighthouse ukiipa checkpoint (hali ya karibuni ya kuanzia) inashika mnyororo kwa dakika chache badala ya siku. Nethermind pia ni nzuri. Lakini kama utahitaji salio za zamani, hapo ni Erigon au Reth. Nodi ya kawaida ya Geth inakumbuka hali ya bloki 128 za mwisho tu, yaani kama dakika 25. Ukiiuliza pochi ilikuwa na ngapi mwezi uliopita, itakujibu haina. Ukitaka Geth itunze hali zote kwa mtindo wake wa zamani, andaa zaidi ya terabaiti 12. Programu yako inasoma miamala inayoingia sasa, kwa hiyo huna haja.

paka_wa_usiku
Poti 8545 (mlango wa RPC wa Geth) ISIONEKANE NJE. Mwaka 2018 watafiti waliripoti wezi waliokomba zaidi ya ETH 38,000 kwa kuzunguka intaneti nzima wakitafuta poti hiyo iliyoachwa wazi. Iache Geth isikilize 127.0.0.1, mbele weka Nginx (mlinzi wa mlangoni anayepokea maombi) na cheti cha usalama cha Let's Encrypt. Moduli ziwe eth, net na web3 tu. admin na debug usiziruhusu hata kwa dawa. Na pochi yenye pesa haikai kwenye seva hiyo.

Mtego mwingine: ukitumia Docker (inayoendesha programu ndani ya makasha), `-p 8545:8545` inapita juu ya ufw, ukuta wa kuzuia poti. Utaandika ufw deny, itakujibu sawa, na poti iko wazi vilevile. Andika `-p 127.0.0.1:8545:8545`. Kisha ijaribu kutoka kwenye simu kwa bando, si kutoka kwenye seva yenyewe.

MamaSeva
Hilo la Docker na ufw lilinipata. Sisemi zaidi.

Mzee_wa_Terminali
Nodi ni nusu ya kazi. Neno "umma" ndilo lenye mambo. Nilifungua ya kwangu, nikaweka kikomo Nginx, maombi 10 kwa sekunde kwa kila IP, nikajiona fundi. Siku ya tatu CPU ziko juu zote. Kumbe mtu anafunga maswali mia kadhaa ya eth_getLogs (kutafuta matukio ya zamani, kazi nzito) kwenye bahasha moja. Nginx inahesabu bahasha, haifungui kuona ndani. Geth yenyewe inaruhusu hadi maswali 1000 kwa bahasha usipoigusa. Ishushe kwa `--rpc.batch-request-limit`. Mimi niliweka 20.

Kuhusu kulipia: usiache moja kwa moja. Tarehe 11 Novemba 2020 Infura ilikwama kwa sababu ya toleo la zamani la Geth, na Binance ikasimamisha kutoa ETH kwa muda. Kumbe na wakubwa huanguka. Weka nodi yako mbele, ya kulipia iwe akiba ya dharura.

mvuvi_wa_data
Mrejesho, wakuu. Nimechukua seva nzima, NVMe mbili za terabaiti 2, Geth na Lighthouse. Moja inabeba nodi, ya pili nimeiacha tupu kwanza. `eth_syncing` (swali la "bado unashusha?") imerudisha false, yaani imemaliza, saa tisa usiku, nikamwamsha mke wangu kumwonyesha neno "false". Akaniuliza kama ni habari mbaya.

Tangu jana iko wazi. Kikomo ni maombi 20 kwa sekunde, maswali 20 kwa bahasha. Kuna jamaa mmoja anapigwa 503 ya kikomo cha Nginx tangu asubuhi na haachi.

Mzee_wa_Terminali
Mpe wiki, ataleta na ndugu zake.