UDSM au UDOM kwa dogo wa Mbagala, mkopo bado haujatoka

DadaWaRangiTatu
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza Form Six PCM, kachaguliwa vyuo vikuu viwili, UDSM ya hapa Dar Computer Engineering na UDOM ya Dodoma Software Engineering, sasa TCU (tume ya vyuo vikuu) wanataka athibitishe kimoja na siku zinayoyoma. Baba alishatangulia mbele za haki, nyumbani tunategemea genge la mama na mimi na cherehani yangu. Mkopo kaomba ila majina bado. Yeye anaitaka Dodoma akaone maisha, mama anataka asome akitokea nyumbani, tusihangaike na kodi ya gheto. Ada nimeona zinakaribiana tu. Mliopita huko naombeni ushauri, matusi hapana.

Fundi_Bando
Hongera kwa dogo. Kwanza mama ajue hiyo kozi ya UDSM ni ya CoICT, ndaki yao ya mambo ya kompyuta, na CoICT iko Kijitonyama, sio kampasi kuu ya Mlimani anakokujua yeye. Sasa mtu atoke Rangi Tatu apite Kariakoo mpaka Kijitonyama, kipindi saa moja asubuhi, foleni unaijua. Mimi nilikuwa natokea Gongo la Mboto, nafika darasani nimechoka kama nimetoka kubeba zege, jioni wenzangu wanabaki na group work mimi nawaza gari. Akipata hosteli ya chuo sawa, akikosa chumba cha Sinza mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi.

mzee_wa_CIVE
UDOM dada, wala usiumize kichwa. Boom, ile hela ya kula na kulala ya mkopo, ni buku kumi kwa siku uwe Dar uwe Dodoma, bodi ya mikopo haiangalii bei ya wali ya huko uliko. Huku mwanafunzi anakula kwa mama ntilie na chenji inabaki, hosteli zipo ndani ya chuo humo humo. Kwenda na kurudi siku hizi kuna treni ya SGR, daraja la kawaida Dar Dodoma 31,000 kwa safari moja. Ila aje na hela ya kuanzia, boom ya kwanza inaweza kuchelewa na tumbo halisubiri. Na sweta, Juni na Julai kule upepo hauna adabu.

Kalamu_Nyekundu
Wote mnaongea kama mkopo ameshapata. Pigeni hesabu mbili, akipata mkopo wote na akipata nusu, chuo ambacho hiyo hesabu ya nusu inawashinda kitoeni. Halafu hizo kozi zote ni miaka 4, Computer Science ingekuwa 3, ila hilo limeshapita. Cheti cha kifo cha baba kilihakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo, kabla ya kuombea mkopo? Hicho ndicho kinamtambulisha kuwa yatima, watu wanakosa asilimia za mkopo kwa vitu vidogo hivi. Akipewa kidogo dirisha la rufaa huwa linafunguliwa, asinune nyumbani, akate rufaa.

Mzaramo_OG
Nyie jina la Mlimani mnalichukulia poa. Kampuni zote ziko Dar, connection ziko Dar, nafasi za field (mafunzo kwa vitendo) ziko Dar.

mzee_wa_CIVE
@Mzaramo_OG field ni likizo mkuu. Dogo anasoma Dodoma, field anaomba Dar analala kwao bure, wa Dar ndio wanagombania humo humo. Na kwenye kuandika programu bosi anataka kuona ulichotengeneza, jina la chuo linakusaidia kuitwa interview tu.

Mzaramo_OG
Kuitwa ndio kugumu sasa 😂 ila hiyo ya field nimekuelewa.

DadaWaRangiTatu
Asanteni sana. RITA ilishafanyika, nilisimamia mwenyewe. Nimemsomea mama habari ya Kijitonyama na ya kulala nyumbani wakati wa field, kaanza kulegea, kilichobaki ni "nani atamfulia". Nadhani tunathibitisha UDOM kesho. Swali la mwisho, laptop lazima aende nayo siku ya kwanza? Mfuko umekauka.

Fundi_Bando
Sio lazima, maabara ya chuo inatosha kuanzia. Mkishajipanga chukueni used Kariakoo, RAM GB 8 msishuke hapo, na iwekeni SSD, diski ile ya kasi. Muwashe palepale dukani, mchomoe chaja mkae nayo nusu saa muone betri inakwendaje, muuzaji akianza kuwaharakisha ondokeni.

mzee_wa_CIVE
Na afundishwe kufua kuanzia leo.