Naacha benki nikawe mnasihi: Muhimbili, Nairobi au cheti cha miezi sita?

Binti_Pangani
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 37, huu ni mwaka wangu wa 12 benki. Nimeamua kubadili kazi niwe mnasihi. Nina njia tatu: uzamili wa saikolojia tiba pale Muhimbili, uzamili wa unasihi Nairobi, au cheti cha miezi sita hapa karibu ili nianze kazi mapema. Mwisho wa mwezi natakiwa nimjibu bosi kama naongeza mkataba. Mngekuwa ninyi mngeshika ipi?

Mzee_wa_Reli
Umri umetaja, shahada ya kwanza hujataja. Ulisoma nini? Unaishi wapi? Una watoto? Ada inatoka wapi? Na unataka kumhudumia nani: wagonjwa, wanandoa au wanafunzi? Bila hayo kila mtu atakushauri kulingana na maisha yake.

Wodi_ya_Nne
Mimi ni mwanasaikolojia tiba hospitali ya serikali. Kwangu ni Muhimbili. Unakaa na wagonjwa, unaona skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, kwa macho yako, unaona vijana wa kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia waache heroini, iliyoanza pale Februari 2011. Ukitoka hapo hutamwambia mtu anayesikia sauti kwamba ana mawazo tu. Lakini soma sifa za kujiunga kabla ya kulipia fomu. Ukiwa na shahada ya biashara peke yake, sidhani kama watakupokea.

Nyali_Tulivu
Dadangu, niko Mombasa. Kwetu kuna Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi yake. Kufanya kazi hii lazima usajiliwe. Ukisomea Nairobi, uliza mapema kama kozi yako bodi inaitambua. Na ukirudi kwenu, cheti cha Nairobi kitahitaji kutambuliwa upya. Mimi nilianza nikiwa na miaka 41, mwalimu wa hesabu, na sijutii hata siku moja.

Mama_Karafuu
Kwenye cheti cha miezi sita naomba mnisikilize.

Nilisoma hicho. Mwalimu alikuwa mtu mwema, tulijifunza kusikiliza, kutunza siri, kutomhukumu mtu. Mazoezi tulifanya sisi kwa sisi darasani. Nikatundika kibao nje ya nyumba. Mwezi wa tatu akaja binti mwenye kichanga cha wiki mbili, kaletwa na mama mkwe. Hapati usingizi, anasema mtoto kabadilishwa. Nikadhani ni uchovu na maneno ya ndugu. Nikakaa naye saa nzima, nikampa moyo, nikamwambia arudi Alhamisi. Sikuwa na msimamizi wa kumpigia simu. Wala sikujua kwamba ile hali ni ya dharura, mtu anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Jumanne usiku majirani walimkuta ufukweni na mtoto, maji kifuani. Wote wawili wako hai, Alhamdulillah. Mama mkwe hakunilaumu, alinishukuru kwa kumsikiliza mkwewe. Hiyo shukrani mpaka leo inanichoma. Nilishusha kibao wiki ile, nikarudi shule miaka miwili.

Kusikiliza kunafundishika upesi. Kinachochelewa ni kujua lini kusikiliza hakutoshi.

Fundi_Amani
Pole sana mama. Ila tusiwakatishe tamaa wenye cheti. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha benchi la urafiki, mtu mwenye dhiki anakaa na bibi kwenye benchi la kliniki wanazungumza, mwaka 2006 na bibi 14 wasio na shahada yoyote. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Mama_Karafuu
Najua, na nawaheshimu. Lakini wale bibi hawakuachwa peke yao. Wako kwenye kliniki, wana wasimamizi, na mgonjwa akizidi anapelekwa mbele. Mimi nilikuwa na kibao na viti viwili.

Wodi_ya_Nne
Hapo mama umemaliza. Dada, swali la kwanza kwa chuo chochote liwe hili: nitasimamiwa na nani, na kwa saa ngapi?

Sheikh_Mdogo
Mimi naona tatizo ni jina. Mnasihi, mshauri nasaha, mwanasaikolojia, mtaani wote wanachanganywa. Mtu wa kwetu akiwa na dhiki anakwenda kwa imamu au mchungaji, hatoi hela ili aongee.

Nyali_Tulivu
Wanalipa, ndugu yangu, wakiona faida. Na wengine naletewa na imamu mwenyewe. Kazi ngumu ni lugha. Nilisoma kila kitu kwa Kiingereza, halafu mteja wa kwanza akaniambia "roho imeniingia baridi". Hakuna kitabu kilichonifundisha hiyo. Ninalo daftari la maneno ya watu.

Mzee_wa_Reli
Neno "sonona", ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, limeingia kwenye vipeperushi vya afya, lakini kule kwetu bado watu wanasema "ana mawazo".

Fundi_Amani
Washona, watu wa huko Zimbabwe, nao wanasema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ni jirani kabisa na "mawazo" yetu.

Binti_Pangani
Nisameheni, nilikuwa nalaza watoto. Niko Tanga, watoto wawili, wa 9 na wa 4. Shahada yangu ni ya biashara, kwa hiyo Muhimbili naona mlango mgumu. Akiba yangu inatosha mwaka mmoja na nusu. Nipo kitengo cha mikopo ya vikundi. Akina mama wakichelewesha marejesho wanaletwa kwangu, nafunga faili nawasikiliza. Nilidhani kusikiliza huko kumeshanipa nusu ya kazi. Mama Karafuu, nimesoma maneno yako mara tatu.

Mama_Karafuu
Kumekupa, mwanangu. Usikitupe kipaji hicho. Kabla hujajibu mkataba, omba likizo ujitolee mwezi mmoja mahali penye mnasihi mzoefu, uone kama jioni unaweza kurudi kwa watoto ukiwa mzima.

Mzee_wa_Reli
Na usiache benki kabla ya barua ya kukubaliwa chuo. Mume anasemaje?

Binti_Pangani
Tutazungumza Jumamosi. Nairobi na mtoto wa miaka minne ndiyo inayonitia hofu.

Ziwa_Tanganyika
Samahani kuingilia. Mimi ni nesi Kigoma, nina stashahada ya uuguzi. Nyali_Tulivu, hilo daftari la maneno, unaweza kutuwekea hapa hata ukurasa mmoja?