Nimetozwa euro 10 kuingia Venezia, na mimi ni mkaazi wa Veneto

Kaka wa Padova:
Assalaam alaykum jamaa. Mwenye kujua anisaidie. Venezia siku nyingine inamtoza ada ya kuingia mgeni wa kutwa. Jumamosi nilimpeleka Mama huko, amekuja kututembelea kutoka Lamu. Yake nilimlipia mapema, euro 5, QR nikaiweka kwenye simu. Mimi sikulipa kwa sababu residenza yangu, yaani makazi niliyosajiliwa, ni Padova na sisi wa mkoa wa Veneto hatulipi. Kutoka tu stesheni ya Santa Lucia, kijana mwenye kizibao akataka kitambulisho. CIE yangu, kitambulisho cha hapa, imekwisha muda, appuntamento (miadi) ya comune, yaani manispaa, nimepewa ya miezi miwili mbele. Permesso, kibali cha kuishi, iko kwenye rinnovo (inafanywa upya), nina ricevuta, risiti ya posta tu. Pasipoti haina anwani. Akasema ama nilipe ama aandike multa, yaani faini. Watu wamejaa nyuma yangu, Mama ananitazama, nikalipa 10 palepale. Sasa nadai rimborso, nirudishiwe pesa, ofisi inayohusika inataka certificato di residenza, cheti cha makazi, nacho kina marca da bollo (stempu ya serikali) ya euro 16! Swali: autocertificazione, yaani kujithibitishia mwenyewe kwa maandishi, inafaa kwa mtu mwenye ricevuta tu? Na niitume kwa PEC (barua pepe rasmi) au raccomandata (barua ya rejista)?

Dada wa Mestre:
Pole kaka, lakini ungesoma kwanza. Ada inaanza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi jioni imekwisha. Ungemleta Mama saa kumi na robo hakuna ambaye angekuuliza jina, na jua la Mei bado liko juu kabisa.
Mimi nafanya usafi hotelini Cannaregio mwaka wa tisa, wafanyakazi hatulipi, lakini barua ya mwajiri haitoki kwenye mkoba, imekuwa hirizi. Siku ya kwanza ya kazi nilipewa anwani: Cannaregio, namba elfu tatu na kitu. Basi. Namba zinahesabiwa sestiere nzima, yaani mtaa mzima kama Cannaregio, si njia kwa njia. Nilizunguka campo (kiwanja) moja mara tatu mpaka bibi mmoja akafungua dirisha akanionyesha kwa ufagio. Yule bibi hayupo tena, chumba chake kinakodishwa kwa watalii. Mwaka 1951 mji ule ulikuwa na watu zaidi ya 170,000, leo hawafiki 50,000. Sisi tunaotandika vitanda tunalala Mestre, kule bara.

Mzee wa Torino:
Kijana, usinunue bollo. Sheria ni DPR 445 ya mwaka 2000. Na tangu 2012 ofisi ya umma hairuhusiwi kukudai certificato, inapaswa kupokea autocertificazione. Mimi niliwahi kurudishwa dirishani mara nne kwa karatasi ya mtoto wa shule. Mara ya tano nikaenda na sheria yenyewe nimeichapisha, nikaisoma kwa sauti. Wakapokea.

Mpemba wa Bologna:
Mzee, heshima yako, lakini usimpotoshe. Wasio raia wa Ulaya sheria hiyo inawahusu wakiwa regolarmente soggiornante, wakaazi halali, tena kwa mambo ambayo ofisi za Italia zinaweza kuyathibitisha zenyewe. Yeye anauliza habari ya ricevuta.

Mzee wa Torino:
Residenza inathibitishwa na nani kama si comune? Ndicho nilichosema.

Mpemba wa Bologna:
Hukusema.
Hata hivyo kaka, shukuru ni 10. Mimi nilichukua uraia wa hapa, na Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo nikienda kumzika shangazi yangu naingia kama mtalii. Viza. Na tangu Oktoba 2024 Zanzibar ina bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni. Nimeilipa. Bandarini Malindi, pale Unguja, nilizaliwa hatua mia kutoka hapo, na binti wa kaunta ananiambia "karibu Zanzibar".

Kaka wa Padova:
Aisee. Hiyo imeniuma kuliko yangu.
Mama hata hakuijali ada. Alisema mgeni na alipe, mbona kwetu wanapita bure halafu wanatuachia chupa. Kilichomshughulisha ni maji. Tulipofika ukingoni karibu na Fondamente Nove alishuka vidato viwili, akainama, akapapasa utando wa kijani ulioota kwenye jiwe, akanusa vidole. "Yamekupwa," akasema, "yakijaa yanafika pale." Akaonyesha alama kwenye tofali, nilikuwa sijaiona. Ukuta juu ya alama unavunjika unga unga kwa chumvi, sawasawa na ule wa nyuma ya nyumba yetu. Nilipomwambia mji wote umesimama juu ya magogo yaliyopigwa kwenye tope, akauliza boriti za mti gani, na kwa nini hazijaoza. Nikamweleza zimo ndani ya tope, hewa haizifikii. Akanyamaza kidogo. "Basi wasiyatoe maji."

Dada wa Mestre:
Mama ana akili! Mwambie mwezi Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 kwa kipimo cha mji, si kina cha njiani, nilivuka lobi ya hoteli maji yakinifika magotini.

Kaka wa Padova:
Nilimwambia. Akauliza ilikuwa bamvua, mwezi ulikuwa wa ngapi.

Mzee wa Torino:
Si bamvua peke yake, ni upepo wa scirocco unayasukuma maji ndani. Na sasa kuna MOSE, milango 78 ya kuzuia maji kwenye midomo mitatu ya laguna, ile ghuba iliyouzunguka mji, inainuliwa tangu Oktoba 2020. Pesa zilizoliwa pale ni hadithi nyingine, tusidhani wizi ni wa kwetu tu.

Mpemba wa Bologna:
Siasa hizo Mzee.

Dada wa Mestre:
Rialto mlifika? Soko la samaki?

Kaka wa Padova:
Ndipo alipochangamka. Alimshika ngisi mmoja, akambonyeza jicho, muuzaji akapiga kelele, Mama akapiga kelele ya Kiswahili, mwisho wakacheka wote wawili, akapunguziwa euro mbili. Kamsafisha jikoni kwangu. Wino umeganda kwenye sinki mpaka leo, mwenye nyumba anakuja Ijumaa.

Mpemba wa Bologna:
Mwenye wino mwingi hivyo si ngisi, ni dome.

Dada wa Mestre:
Ndimu na chumvi, paka usiku, usiguse mpaka asubuhi. Mashuka ya hoteli nayatoa hivyo hivyo.

Kaka wa Padova:
Umetoka wino!! Mungu akubariki dada.