Eti “brashi ya maji ikitoa maji, kosa liko wapi?”

Wakuu, nimetoka dukani kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji. Mnamjua. Yule yule anayekurudishia chenji kama anakupa sadaka.

Wiki jana kaniuzia brashi ya maji, ile unayojaza maji kwenye mpini wa plastiki, unaminya kidogo, ncha inalowa, unachora popote bila kubeba kikombe. Leo nimeketi Mizingani, pale Mji Mkongwe Zanzibar, natazamana na ile dispensari ya zamani. Masaa mawili nahangaika na nakshi za roshani. Zimekaa, kivuli kimekaa, hata mwenyewe nikajishangaa. Namalizia mstari wa mwisho wa kijani... tone. Tone jingine. Halafu Ziwa Viktoria lote likashuka, roshani ikaenda kuoga baharini.

Sasa sikieni. Nimemwendea kwa adabu, nikamwonyesha karatasi, nikamwonyesha panapovuja, pale kichwa kinapokazwa. Akawageukia wateja: “Sasa msanii, brashi ya maji ikitoa maji, kosa liko wapi?”

Duka zima kicheko. Mama mmoja kacheka mpaka kashikilia shelfu. Mtoto wa shule, kaja kununua rula tu, kaniangalia kwa huruma. KOSA LIKO WAPI! Mbele ya mtoto wa rula!

KobeMzee: Pole sana mkuu. Ila tukae chini tuulizane, kosa liko wapi? 😂😂

RangiZaJioni: Uliiacha juani ikiwa nusu, sivyo? Hewa ya ndani ikipata joto inatanuka, inayasukuma maji nje. Jaza pomoni, weka kivulini, ncha itazame juu.

Mwenye uzi: Kwa hiyo mimi ndiye niliyevuja? Mkuu, kasema vile mbele ya mtoto wa rula!

BintiShangani: Heri wewe wa brashi. Mimi huyo huyo kaniuzia karatasi eti gramu 300, ile nene ya rangi ya maji. Kuigusa na maji tu, ikajikunja kama sambusa.

KobeMzee: Ulitia nyama?

Babu_Kijiko: Samahanini, mimi nimeingia nikijua ni rangi ya maji ya ukutani. Fundi wangu kaizimua ndoo ya lita 20 mpaka matofali yananisalimia.

BintiShangani: Weee, mafundi! Wangu kala advansi kabla ya Ramadhani. Nikipiga simu anasema yuko njiani. Njia gani hiyo haifiki?

RangiZaJioni: Wangu kapaka ukuta, kapaka na swichi, kapaka na mjusi.

Babu_Kijiko: Mjusi yu hai?

RangiZaJioni: Yupo, anang'aa kuliko ukuta.

Mwenye uzi: Jamani, na roshani yangu je?

Babu_Kijiko: Hiyo roshani alikupakia fundi gani?