Dizeli haivuti na inatoa moshi mweusi: tabo imekufa au hewa inavuja?

Gia_ya_Tatu
Wakuu, habari. Injini ni dizeli ya lita 2.5, ina tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa kwenye injini) na intakula (kipoza hewa hiyo). Kwenye saileza (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) iko shwari. Ukiibebesha mzigo kwenye mlima, kuanzia mizunguko 1,800 kwa dakika haivuti, moshi mweusi unatanda nyuma, na kuna mlio wa "fsss" ambao haukuwepo. Mashine ya kusomea kompyuta inaonyesha presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) bar 1.3, hata mguu ukifika sakafuni. Fundi anasema tabo imekufa, inunuliwe nyingine. Bar 1.3 si inatosha? Na tabo mbovu inajulikanaje kabla hujatoa hela?

Valvu16
Hiyo 1.3 mkuu si kazi ya tabo peke yake. Washa swichi bila kuwasha injini, usome tena: ukiwa usawa wa bahari utakuta karibu 1.0, ambayo ni hewa ya kawaida tu. Tabo basi inaongeza 0.3. Dizeli ya namna hiyo ikibeba mzigo inatakiwa isome 2.0 au zaidi.

Huo mlio pamoja na moshi mweusi ni dalili ya hewa kutoroka baada ya kompresa, ule upande wa tabo unaoshindilia hewa. Sensa ya kupima hewa imekaa jirani na chujio, kabla ya tabo. Inahesabu hewa iliyopita pale, haina habari kwamba nyingine imetokea njiani. Kompyuta inaruhusu mafuta ya hesabu hiyo, silinda inakosa hewa ya kuyachoma, yaliyobaki yanatoka kama masizi. Kwenye saileza hakuna presha ya kuupanua mpasuko, ndiyo maana huoni kitu.

Tazama mipira yote kati ya tabo na manifoldi, hasa upande wa chini unaosuguana na chuma, chini ya klampu, na pale matangi ya plastiki ya intakula yanapobanwa kwenye alumini. Penye oili iliyorukia nje pamoja na vumbi, ndipo panapovuja.

Moto_wa_Silinda
Macho peke yake hayatoshi, mpira mwingine hupasuka mkunjoni. Jaza upepo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa mpira unaoingia kwenye kompresa, ziba mdomo wa tabo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, funga klampu sawasawa. Ingiza hewa kupitia regyuleta: anza na bar 0.3, mwisho 0.7. Usichomeke moja kwa moja hewa ya kompresa ya gereji, kile kifuniko kitaruka na kumuumiza mtu. Halafu pakaza maji ya sabuni kila maungio.

Mpira wa kupumulia injini ukiwa upande huo unaoujaza, uchomoe na uzibe tundu lake, la sivyo presha itaingia kwenye kasha la kreki (chini ya injini kwenye oili) na kusukuma sili za oili. Ukisikia upepo ndani ya ekzosi usishtuke, kuna silinda ambayo valvu zake ziko wazi. Zungusha shafti ya kreki kidogo kwa spana, usikilize tena.

Shafti_Moja
Naongezea upande wa tabo, maana wengi huihukumu kwa kuona oili kwenye mpira. Utando mwembamba wa oili ni kawaida, unatoka kwenye mvuke wa kasha la kreki. Ikiwa imetuama kama dimbwi, kwanza kagua bomba la kurudisha oili na njia ya kupumulia, zikiziba hata tabo mpya itamwaga oili.

Shika ncha ya shafti ya tabo. Kucheza kidogo juu-chini ni sawa, kwa sababu beringi zake huelea juu ya oili. Kuvuta na kusukuma kunatakiwa kusisikike kabisa kwa kidole. Panga za feni zikiwa zimegusa kasha la tabo, hapo fundi wako yuko sahihi. Kama ina panga za kurekebisha upande wa ekzosi, chezesha mkono wake kwa pampu ya vakyumu: utembee laini mwanzo hadi mwisho na usirudi wenyewe wakati vakyumu bado imeshikiliwa. Ukikwama, ni masizi.

Gia_ya_Tatu
Asanteni sana. Mpasuko upo, chini ya klampu ya intakula, urefu wa sentimita 3. Naweza kuzungushia tepu?

Valvu16
Haitashika. Kompresa ikiongeza bar 1 juu ya hewa ya nyuzi 27, hewa inatoka ikiwa na nyuzi 120 hivi, na ndani kuna oili. (Ndiyo kazi ya intakula yenyewe: bila kupoza, presha maradufu inakupa hewa mara 1.5 tu, ukiishusha hadi nyuzi 50 unapata karibu 1.9.) Tena usiendelee kubeba mzigo hivyo. Tabo inayofukuzia presha isiyofikika huzidisha mizunguko, na hizi huzunguka zaidi ya 100,000 kwa dakika zikiwa nzima.

Weka mpira mpya wa kipenyo kilekile. Futa oili yote kwenye midomo kabla ya kuuvalisha, ukiteleza utachomoka mlimani. Kisha rudia mlima uleule, gia ileile, ulinganishe presha inayotakiwa na inayopatikana.